Mashine nzito imegoma: kusoma dalili kabla ya kuongeza nguvu

Mashine ikikataa kunyanyuka, wengi wetu hukimbilia kuongeza nguvu: watu wawili zaidi, bomba refu la kuchomeka kwenye mpini, jeki kubwa kuliko ile ya kwanza. Mara nyingi nguvu ilikuwa inatosha. Jeki inayozama, mkanda unaoteleza na boriti inayolia zote zina sababu, na sababu hiyo huwa mbali na pale macho yako yalipo. Iko kwenye uzito uliokisiwa vibaya, kwenye sehemu ulikofunga, au kwenye sakafu iliyobeba vyote hivyo. Kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona, kisha tunarudi nyuma kutafuta kilichokisababisha.

Jambo moja linatangulia mengine yote: usichunguze kitu mzigo ukiwa juu. Ukisikia mlio usioujua, shusha. Ukiona kinasogea kitu ambacho hakikupaswa kusogea, shusha. Kama mzigo haushuki, sukuma magogo chini yake kwa ubao mrefu, mkono wako ukiwa mbali, uyapange hadi mzigo uwe na pa kukalia. Baada ya hapo kuna muda wote wa kukuna kichwa.

Mzigo hauachi sakafu kabisa

Anza kwa kuuliza kama mashine imefunguliwa kweli. Inachekesha hadi siku itakapokukuta: bolti moja ya sakafuni imejificha chini ya vumbi na grisi, na winchi inavuta mashine pamoja na zege lote la nyumba. Pitia kila mguu kwa tochi. Mashine iliyokaa miaka mingi inaweza pia kuwa imeganda sakafuni kwa kutu, rangi au saruji nyembamba iliyomwagwa chini yake wakati wa kusawazisha. Hiyo haivutwi kwenda juu. Ingiza kabari nyembamba ya chuma au mtaimbo pembeni, ugonge taratibu upande mmoja mpaka uone nywele ya mwanga chini ya mguu. Ikishaachana, winchi itafanya kazi yake bila kelele.

Kama imefunguliwa na bado haisogei, basi uzito uliokisia si uzito wenyewe. Tafuta kibao cha mtengenezaji kilichopigiliwa kwenye mwili wa mashine. Kisipokuwepo, piga hesabu. Chuma cha kuyeyushwa, ambacho ndicho mwili wa mashine nyingi za zamani, kina uzito wa gramu 7.2 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Pua, yaani chuma cha kawaida cha mabamba na mihimili, ni 7.85, aluminiamu ni 2.7. Bamba la chuma cha kuyeyushwa lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 40 na unene wa sm 5 lina ujazo wa sentimita 12,000, na hilo peke yake ni kilo 86. Mhimili wa chuma wenye kipenyo cha sm 15 na urefu wa sm 50 ni karibu kilo 69, wakati kwa macho unaonekana ni kitu cha kubebwa kwapani. Gawa mashine katika maboksi na mitungi, kadiria kila kipande, jumlisha, halafu ongeza robo kwa ajili ya usichokiona ndani: mota, gia, mafuta yaliyobaki kwenye tangi.

Kwenye kreni ya kunyanyulia injini, ile ya magurudumu na mkono wa kurefushwa, kuna chanzo kingine ambacho watu hukisahau kila mara. Uwezo ulioandikwa kwa herufi kubwa ubavuni ni wa mkono ukiwa mfupi kabisa. Kila tundu unalolisogeza kwenda mbele linapunguza uwezo, na kreni inayojiita ya tani 2 mara nyingi hubaki na nusu tani tu mkono ukirefushwa hadi mwisho. Vali ya usalama iliyo ndani ya jeki yake inafunguka, mafuta yanarudi kwenye tangi, na wewe unapampu bila mwisho huku mkono umetulia palepale. Usiikaze skrubu ya vali hiyo. Ndiyo inayokuzuia usiupinde mkono wa kreni ukiwa umesimama chini yake. Sogeza kreni karibu zaidi na mzigo, hata kama italazimu kuondoa meza au kuingia kwa upande mwingine, na ufupishe mkono.

Kama jeki haina nguvu hata bila mzigo, tatizo liko kwenye mafuta yake. Ikipanda nusu tu kisha ikaishia hapo, mafuta ni machache. Ikiwa inadunda kama sponji na kupanda kwa kurukaruka, kuna hewa ndani. Kuitoa hewa si kazi: hakuna mzigo, vali ya kushushia iko wazi, pampu haraka mara kumi hadi kumi na tano, funga vali, jaribu tena. Kuongeza mafuta hufanywa pistoni ikiwa imeshuka kabisa; ukijaza ikiwa juu, mafuta yatakosa pa kwenda itakaposhuka. Tumia mafuta ya haidroliki tu. Mafuta ya breki ya gari hula sili za mpira za jeki, na jeki iliyokuwa inahitaji kikombe kimoja cha mafuta itaishia kuhitaji kufumuliwa yote. Na jeki ya chupa iliyolazwa ubavu huweza kuvuta hewa badala ya mafuta. Nyingi hufanya kazi zikilala, mradi pampu iwe upande wa chini.

Unanyanyuka vizuri, kisha unashuka wenyewe polepole

Usikimbilie kuilaumu jeki. Chora mstari kwa chaki kwenye pistoni, pale inapotokea kwenye mwili wa jeki, usubiri dakika chache huku magogo yakiwa tayari chini ya mzigo. Mstari ukibaki palepale na mzigo umeshuka, jeki ni nzima. Kinachozama ni kilicho chini yake: ubao laini unaobonyea, lami iliyopata joto, au zege jembamba lililopasuka. Weka bamba la chuma kipana chini ya jeki na urudie.

Mstari ukizama, angalia kama kuna mafuta nje. Pete ya mafuta kuzunguka pistoni ni sili iliyochoka, au pistoni yenyewe ina mkwaruzo. Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama mahali, kubadilisha sili peke yake hakutadumu, kwa sababu mkwaruzo ule ule utaikata sili mpya. Kama nje ni pakavu, mafuta yanavujia ndani. Sababu ya kawaida ni vali ya kushushia isiyofungwa sawasawa, na ya pili ni chembe ya uchafu iliyokalia kigololi cha vali ya kuzuia mafuta kurudi. Fungua vali ya kushushia kabisa, pampu kwa nguvu mara kadhaa ili mafuta yaisukume chembe, kisha funga. Ikirudi tatizo lile lile, mwaga mafuta yote. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakitoka na vipande vyeusi, sili zimeanza kumomonyoka.

Kwenye winchi ya mnyororo, yaani cheni bloku, hadithi ni nyingine kabisa. Ndani yake kuna breki ya msuguano inayobanwa na uzito wa mzigo wenyewe, pamoja na kidole cha chuma kinachokwea meno ya gurudumu kwa mlio wa tik-tik-tik unapopandisha. Mlio huo ni rafiki yako. Ukipotea wakati unapandisha, springi ya kidole imekatika au kidole kimeganda kwa grisi nzito, na hakuna kinachoshikilia mzigo isipokuwa bahati. Teremsha winchi ile usiitumie tena hadi ifunguliwe. Mlio ukiwepo lakini mzigo unateleza, diski za breki zimelika au zimepata mafuta. Kwa winchi nyingi diski hizo hutakiwa kuwa kavu, na anayezilowesha huwa mwenye winchi mwenyewe, aliyeinyunyizia yote mafuta kwa nia njema siku alipoona mnyororo una kutu. Mnyororo wa mzigo hupakwa mafuta kidogo kwa kitambaa. Sanduku la breki haliguswi.

Kuna pia kinyume chake: winchi inashikilia na kukataa kushusha, hasa mzigo ukiwa umening'inia kwa muda mrefu. Breki imejikaza. Mtikiso mmoja mkali wa mnyororo wa mkono kuelekea upande wa kushushia huiachilia. Usitumie bomba wala nyundo.

Kipimo rahisi cha winchi za mkono: ziliundwa ziendeshwe na mtu mmoja, kwa nguvu zake za kawaida. Ikibidi wawili waning'inie kwenye mnyororo wa mkono, ama mzigo umezidi au kuna kitu kimekwama. Na kama ni winchi yenye mnyororo unaokwenda chini na kurudi juu kupitia kapi la ndoano, angalia kama ndoano ya chini haikupinduka ndani ya mnyororo. Pete zinaonekana zimesokotana, na kila pete inabeba mzigo kwa kona badala ya kuubeba kwa tumbo. Laza ndoano chini, ipitishe ilikotoka, mpaka pete zote zitazame upande mmoja.

Mzigo unaegemea mara tu unapoachana na sakafu

Hapa ndipo mikono huvunjika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kitu chochote kinachoning'inia kitajigeuza mpaka kitovu chake cha uzito kikae wima chini ya ndoano. Hakikuombi ruhusa. Kama ndoano yako iko sm 20 kushoto ya kitovu, mashine itainama upande wa kulia hadi hesabu ikubaliane. Kwa hiyo mashine inayoegemea inakuonyesha kitovu kilipo: kiko upande ulioshuka. Ishushe, sogeza ndoano kuelekea huko, jaribu tena. Jaribio lote hufanyika mzigo ukiwa umeachana na sakafu kwa unene wa kidole. Hakuna sababu ya kwenda juu zaidi mpaka utulie.

Mashine ya kukereza huwadanganya wengi kwa sababu ni ndefu, na macho huamini katikati ya urefu ndipo katikati ya uzito. Kichwa chenye gia na mota kimekaa upande mmoja, na kitovu cha uzito kiko karibu nacho. Kabla ya kubadilisha mahali pa kufunga, tumia vitu vinavyosogea: peleka gari la kisu na kichwa cha nyuma hadi mwisho wa kitanda, uvifunge huko, na mashine itaanza kujisawazisha yenyewe. Mkanda upite chini ya kitanda au kwenye mbavu za ndani zake. Usiuruhusu kulalia skrubu ndefu ya mbele wala fimbo ya mwendo. Hizo hupinda kwa uzito mdogo kuliko unavyodhani, na mashine iliyofika salama ikiwa na skrubu iliyopinda haikufika salama.

Mashine ya kutoboa ya kusimama ni ya hatari kwa sababu nyingine. Kichwa kizito, nguzo nyembamba, msingi mdogo. Shusha meza hadi chini, na kama kichwa kinaweza kuteremshwa kwenye nguzo, kiteremshe pia. Mashine za milingi, zinazochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, za aina ya Bridgeport huandaliwa kwa namna inayomshangaza anayeiona kwa mara ya kwanza: mkono wa juu unarudishwa nyuma, kichwa kinageuzwa juu chini, na meza inashushwa, ili kitovu cha uzito kiwe chini na katikati kadiri inavyowezekana.

Ikiwa mzigo hauegemei lakini unazunguka, kamba uliyotumia imesokotwa na sasa inajifungua kwa uzito. Mkanda bapa hauna tabia hiyo. Funga pia kamba nyembamba kwenye kona moja ya mashine, uishike ukiwa umesimama mbali. Mzigo unaoning'inia huongozwa kwa kamba, si kwa kuukumbatia.

Na kama mzigo unaegemea kwa sababu ndoano za kufungia ziko *chini* ya kitovu cha uzito, kusogeza hakutasaidia. Mashine ile inataka kupinduka na itapinduka. Funga juu ya kitovu, au kama hakuna pa kufunga, zungushia mkanda wa pili kiunoni ukiunganisha na ule wa kwanza ili sehemu ya juu isiweze kuponyoka.

Mkanda unateleza, bolti ya pete imepinda

Karibu kila mara ni pembe. Mikanda miwili inayotoka kwenye ndoano moja kwenda pande mbili za mashine haigawani uzito nusu kwa nusu isipokuwa ikiwa imesimama wima. Chukua mashine ya kilo 600. Mikanda ikiwa na mwinuko wa nyuzi 60 kutoka ulalo, kila mmoja unabeba kilo 346. Kwenye nyuzi 45 ni kilo 424. Kwenye nyuzi 30 kila mmoja unabeba kilo 600 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Ikishuka hadi nyuzi 15, kila mmoja unavutwa kwa zaidi ya kilo 1,150. Wakati huohuo mikanda inaifinya mashine kutoka kando, na ndiyo maana vifuniko vya bati hubonyea na mkanda hupanda kuelekea katikati. Tiba ni mkanda mrefu zaidi. Kama dari ni fupi na mkanda mrefu hauingii, weka upao wa chuma juu ya mzigo ili mikanda ishuke wima kutoka ncha zake.

Bolti ya pete huathiriwa zaidi na pembe. Bolti ya M12 (yenye kipenyo cha mm 12) ya kiwango cha Kijerumani cha DIN 580 hubeba kilo 340 ikivutwa wima. Ikivutwa kwa nyuzi 45, inashuka hadi kilo 240, na hiyo ni ikiwa bega lake limekaa chini kabisa bila nafasi, na pete imeelekezwa upande wa mvuto. Ikielekea kinyume, inapinda shingoni. Nati za pete za madukani zisizo na alama yoyote ni za kufungia turubai, na zibaki huko.

Mkanda wa poliesta una lebo na, kwa kiwango cha Ulaya, una rangi: zambarau ni tani 1, kijani tani 2, njano tani 3. Ukiufunga kwa kitanzi kinachojikaza, hesabu asilimia 80 tu ya uwezo huo. Mkanda usio na lebo hauna uwezo unaojulikana, na uliokatika hata nyuzi chache ukingoni umeshakwisha. Kona kali za chuma ndizo huukata, tena ghafla. Kipande cha bomba la maji kilichopasuliwa kwa urefu au ngozi nene chini ya mkanda humaliza tatizo hilo kwa gharama ya sifuri.

Mnyororo wa kufungia geti haunyanyui. Tafuta uliogongwa alama ya 8 au 10 kwenye pete zake. Kwenye waya wa chuma uliofungwa kwa klipu za U, tandiko la klipu hukaa upande wa waya unaobeba, na U yenyewe hubana ncha iliyokufa. Ukigeuza, U itauponda waya unaoutegemea.

Boriti ya dari inalia au inashuka katikati

Shusha, na usiitumie tena. Mbao za paa la nyumba zilihesabiwa kubeba paa. Mzigo mmoja ukining'inia katikati ya boriti huipinda kwa nguvu mara mbili ya ile ambayo uzito uleule ungeleta kama ungetandazwa kwa urefu wote. Kisha kuna hila ya kapi: ukining'iniza kilo 100 kwa kapi moja lililofungwa juu na ukavuta kamba kuelekea chini, boriti inabeba kilo 200, uzito pamoja na mvuto wako. Fremu ya chuma yenye miguu inayosimama sakafuni ni jibu bora kwa karibu kila karakana ya nyumbani. Magurudumu ya fremu nyingi za aina hiyo ni ya kuisogeza ikiwa tupu. Ukiisukuma mzigo ukiwa juu, gurudumu moja likagonga jiwe, mzigo utaendelea na safari bila fremu.

Winchi ya umeme inanguruma lakini haizunguki

Kapasita ya kuanzishia imekufa, au umeme unaofika ni dhaifu. Jaribu kwanza kuichomeka moja kwa moja ukutani. Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba hupoteza umeme mwingi hasa wakati mota inaanza, na ikiwa bado imeviringwa kwenye kibiringi chake, inapata joto juu yake. Ikifanya kazi vizuri kisha ikazima baada ya dakika chache, soma kibao: alama kama S3 25% 10 min maana yake katika kila dakika 10 mota ifanye kazi dakika 2 na nusu tu. Haijaharibika, imechoka.

Winchi hizi huandikwa uwezo mara mbili. Ule mkubwa ni kwa kutumia kapi la ziada lililokuja nayo kwenye boksi, waya ukirudi juu. Waya usiishe kwenye ngoma. Acha mizunguko mitatu, kwa kuwa kile kibolti kidogo kinachoshika ncha yake hakikuwekwa kubeba mzigo.

Mashine iko kwenye magurudumu lakini haisogei

Tazama chini. Vigurudumu vidogo vya plastiki ngumu hukwama kwenye ufa wa zege, kwenye kipande cha chuma kilichodondoka, hata kwenye kichwa cha msumari. Fagia njia yote kabla. Nyufa na viungo vya sakafu vifunikwe kwa bamba la chuma au plaiwudi nene, na vipande vyake vilaliane kidogo ili visitengane unapopita. Kama magurudumu yamezama kwenye plaiwudi yenyewe, ni laini mno au magurudumu ni membamba mno.

Sakafu isiyonyooka ina athari nyingine. Mashine ya miguu minne husimama juu ya mitatu, wa nne ukiwa hewani au ukigusa tu. Kwa hiyo chagua magurudumu kwa kugawa uzito kwa tatu: mashine ya kilo 600 inataka kila gurudumu libebe angalau kilo 200.

Kwa mashine iliyo nzito kweli mabomba ya chuma bado hayajapata mpinzani. Yawe manne au zaidi, ya kipenyo kimoja, ili wakati moja linatoka nyuma na kupelekwa mbele, matatu yawe chini. Ikianza kwenda upande, mabomba hayako sambamba. Gonga ncha ya bomba la mbele kwa nyundo kidogo, upande unaotaka kuelekea, na itatii. Bomba huwekwa kwa kulisukuma kwa ubao. Vidole havina kazi chini ya mashine inayosogea.

Wakati wa kuipandisha juu ya mabomba kwa mtaimbo, nyanyua kidogo na uingize gogo, nyanyua tena na uongeze gogo, upande mmoja kisha mwingine. Panga magogo kwa kupishana kama ukuta wa kibanda cha magogo, na rundo lisizidi mara mbili ya upana wake. Matofali ya saruji yenye matundu yasitumike hata mara moja. Mbao hulia kabla ya kuvunjika, lakini tofali hupasuka bila taarifa.

Mteremko

Mashine inakataa kupanda, au inataka kukutangulia kushuka. Hesabu yake ni fupi: kwenye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, kilo 800 zinakurudisha kwa nguvu ya kilo 80, bado msuguano. Mtu mmoja hawezi kushikilia hiyo akiteleza. Tumia winchi ya kuvutia iliyofungwa kwenye kitu kisichong'oka, kupanda na kushuka pia, na mtu mwingine afuate na kabari akiiweka nyuma ya gurudumu kila hatua. Hakuna anayesimama upande wa chini wa mzigo.

Mgongo ndio uliolalamika

Fomula ya kunyanyua mizigo ya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanza na kilo 23 kama kiwango cha juu katika mazingira mazuri kabisa: mzigo karibu na mwili, usawa wa kiuno, hakuna kujisokota. Kila kinachoharibu mazingira hayo kinapunguza. Kichwa cha kushikia vipande cha kilo 25, kinachowekwa kwenye mhimili huku umejiinamia juu ya kitanda cha mashine, kimeshavuka. Tengeneza ubao wenye umbo la kitako chake, ukae juu ya kitanda, ukisukume badala ya kukiinua.

Imefika mahali pake lakini inacheza

Mtikisiko wakati wa kazi, au kipande kinachotoka chembamba upande mmoja ingawa kisu kilipita sawa, huanzia miguuni. Pitisha karatasi chini ya kila mguu kabla ya kukaza bolti. Inapopenya bila kukwama, mguu ule hauna kitu, na ukiukaza hivyo utaukunja mwili wa mashine kuelekea sakafu. Weka bati nyembamba hadi karatasi ishike, kisha kaza bolti moja moja ukitazama pimamaji iliyowekwa kwa kukingama kitanda, kwanza karibu na kichwa cha mashine, halafu mwisho wa pili. Kiputo kikikaa tofauti sehemu hizo mbili, kitanda kimejisokota. Usitumie vipande vya mbao kusawazisha; hubonyea na kukauka. Pima tena baada ya wiki kadhaa, na ukikuta imehama, legeza bolti zote kwanza ndipo uanze upya kwenye mguu ulio karibu na kichwa.